Wifi Hasikii

Wifi yangu alikuwa na pua. Najua kila mtu ana pua, lakini zenu ni za kubebea miwani na kupigia chafya. Ya kwake ilikuwa na ajira. Kwa miaka kumi na tisa ililisha watu watano: yeye mwenyewe, watoto wake watatu, na kaka yangu, ambaye huhesabika kama mtoto wa nne.

Alikuwa mpimaji kwenye kituo cha kupokea maziwa, na mimi nilikuwa muosha keni hapohapo, hatua mbili nyuma ya mgongo wake. Kituo chenyewe ni chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji isiyokauka, tangi la baridi la lita elfu moja linalonguruma kutwa, dirisha pana la kupokelea, na kaunta ya chuma cha pua. Wenye utani hawakuliacha hilo lipite. Walisema wifi na kaunta yake ni ndugu wa tumbo moja.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mfugaji anaweka keni juu ya kaunta. Wifi anafungua kifuniko, anakigeuza na kunusa upande wa ndani, kwa sababu harufu ya maziwa hujikusanya kwenye kifuniko kwanza. Halafu anasema "pita" au "rudi". Sekunde mbili, na rufaa hakuna. Ilikuwepo pia chupa ya spiriti: ukichanganya spiriti na maziwa kidogo, yakikatika mapande ujue yamechacha. Lakini spiriti ni ya mtu mwenye shaka, na wifi hakuwahi kuwa na shaka tangu azaliwe. Kwa kifuniko kimoja angekwambia kama aliyekamua alivuta sigara, kama ng'ombe alilala kwenye tope, na kama keni ilisuguliwa kwa mchanga au kwa sabuni ya unga.

Kwa ajili ya pua hiyo, nyumba ya kaka yangu iliendeshwa kama jela. Manukato marufuku. Sabuni yenye harufu marufuku. Kitunguu kibichi kabla ya saa sita mchana, ole wako. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimrudishia mumewe keni mbili mbele ya foleni nzima, na baba yetu mzazi akiwa kwenye foleni hiyohiyo. Mzee alinuna mwezi mzima, na sisi mawifi tukapata la kusengenya kwa miaka miwili. Sitawadanganya, sikumpenda. Nilimheshimu, na heshima yenyewe ilinikera, maana mtu ukimheshimu huna raha ya kumsema. Wafugaji walimwita "mama mpimaji" usoni na "Mama Pua" mgongoni, na kwa kuwa mgongoni kwake nilikuwa mimi, nilisikia sana jina hilo.

Kisha yakaja yale mafua.

Yalipita mtaa mzima bila kubagua. Wifi alilala siku tano na homa, viungo vikimuuma, akikohoa mpaka kaka akahamia sebuleni. Siku ya sita akaamka, akaoga, akakaa chumbani kukunja nguo. Jikoni kaka alikuwa ameinjika maharage na kuyasahau. Maharage yaliungua, sufuria ikaungua, na mshikio wa sufuria ukaanza kuyeyuka. Mimi nilikuwa nje ya geti na nikakimbia. Nilimkuta wifi anakunja shuka taratibu, moshi umefika kizingitini pa chumba chake.

"Wifi, nyumba inaungua," nikamwambia.

Akageuka, akauona moshi. Aliuona. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Tulijaribu kila kitu siku ile. Limau, hakuna. Mafuta ya taa, hakuna. Mwishowe nikaleta soksi za kaka, na soksi za kaka yangu zikishindwa kuamsha pua, hiyo pua imeshakufa. Alikula chakula cha jioni akasema anajua kuna chumvi, ila kilichobaki ni kama anatafuna karatasi.

Kesho yake akaniomba nimsindikize zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yetu, kwa bahati mbaya, alisimama mfugaji mmoja tuliyemwita Mvua. Jina alilipata zamani, wifi alipokamata maziwa yake yakiwa nusu maji, naye akajitetea kwamba mvua iliingia kwenye keni. Ulikuwa mwezi wa kiangazi. Mvua ana masikio marefu na mdomo usio na mlango, na wifi alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tulipofika dirishani nesi akauliza, "Shida nini, mama?"

Wifi akamtupia Mvua jicho, akainama, akanong'ona, "Sisikii."

Kiswahili chetu kina ubahili wake. Sauti tunasikia, harufu tunasikia, njaa, baridi, usingizi na hasira, vyote tunasikia kwa neno moja. Nesi alichagua la masikio. Akajaza pumzi kifuani, akapaza sauti mpaka mtoto aliyekuwa usingizini akalia: "Tangu lini mama? Masikio yote mawili?"

Wifi angeweza kumrekebisha. Lakini Mvua alikuwa amenyoosha shingo, na kwa mpimaji wa maziwa afadhali uziwi. Akatikisa kichwa kukubali. Tukapelekwa chumba cha masikio, akakalishwa kwenye kiti, akapigwa maji ya uvuguvugu sikio la kulia, kisha la kushoto, na vikatoka vitu ambavyo sitavieleza, maana mnaweza kuwa mnakula. Alivumilia yote amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Ndipo tukafika kwa daktari.

"Sasa unasikia vizuri, mama?"

"Nasikia kila kitu," wifi akasema, "isipokuwa harufu."

Daktari akaweka kalamu chini. Namsifu, hakucheka, ingawa mdomo wake ulipata kazi ngumu. Alieleza kwamba kirusi cha mafua kinaweza kuharibu ile sehemu ndogo huko juu ndani ya pua inayopokea harufu. Kwa wengi hurudi, baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairudi. Akamwambia achague vitu vinne vyenye harufu kali, avinuse asubuhi na jioni, kimoja kimoja, huku akijitahidi kukumbuka kila kimoja kilikuwaje.

"Nivikumbuke?"

"Ndiyo. Unaifundisha pua upya, polepole. Unafanya kazi gani?"

"Kazi ya kawaida," wifi akajibu, akasimama.

Tulitembea mpaka kona ya nyumbani. Hapo akanishika mkono. "Wifi, ukimwambia mtu nitakuosha wewe badala ya keni." Alisema kwa utani, lakini hakuuachia mkono wangu, na mimi niliyekuwa nimezoea kumwona kama nguzo nikaogopa. Mpimaji asiyenusa hana kazi. Ikijulikana, ataondoka siku hiyohiyo. Na asipoondoka, ikampita keni moja iliyooza, au tatu, tangi zima litachacha na maziwa ya kaya sitini yatamwagwa. Yote mawili aliyajua, akachagua kurudi kazini.

Mvua alifanya kazi yake vizuri. Siku ya kwanza tu, foleni nzima ilijua Mama Pua amekuwa kiziwi. Basi ikawa vurugu. Wenye huruma walimpigia kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. "Mama mpimaji, habari za asubuhi," mtu anapiga yowe, maziwa yanatikisika kwenye keni. Wasio na huruma wakaona wamepata sikukuu. Maneno waliyoyameza miaka kumi na tisa wakayatapika mbele yake, wakitabasamu kama wanamsalimia. Mmoja alisema pua ile ingefaa kulimia. Mwingine alimwonea huruma kaka yangu kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Wifi aliwatazama kwa uso mkavu, akasema "pita", "pita", "rudi". Waliorudishiwa maziwa wakimlalamikia, wengine wanawajibu, "Mwacheni huyo, hasikii la mwadhini wala la mteka maji." Naye anasikia yote, masikio yameoshwa juzi.

Wiki ya kwanza alipima kila keni kwa spiriti. Chupa ya mwezi mzima ikaisha siku ya nne. Meneja wetu, mtu wa kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna hata moja inayoandika, alimwita ofisini, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nasugua keni chini ya dirisha lake, kwa hiyo nilikuwepo pia.

"Mama, mimi sihukumu mtu," meneja akasema. "Kila mmoja ana mitihani yake. Lakini spiriti ile ni ya maziwa."

"Naitumia kwenye maziwa."

"Hebu pumua hapa."

Nikasikia wifi akipumua, na meneja akivuta pua. Pua iliyosifika kituo kizima ikanuswa na pua isiyojua tofauti ya maziwa na chokaa. Meneja hakusikia pombe, lakini chupa mpya akaifungia kwenye droo, na anayeitaka aandike barua ya maelezo.

Wifi alitoka akaja moja kwa moja kwenye karo langu. "Wewe pua yako nzima?"

"Nzima."

"Nikikupa kifuniko usuuze, kinuse kwanza. Kikiwa kibovu, kohoa. Kikiwa kizuri, nyamaza."

Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo bila barua. Yeye anafungua, ananusa kwa madaha yaleyale, anakipitisha kifuniko nyuma bila kugeuka. Mimi nanusa. Nikinyamaza, "pita". Nikikohoa, "rudi". Mambo yakaenda kama yamepakwa mafuta, mpaka wiki ya tatu mafua yakanigeukia mimi. Nilijitahidi. Nilitia kipande cha tangawizi shavuni, nikaziba mdomo kwa aproni. Lakini kikohozi hakina adabu. Asubuhi moja zilirudi keni kumi na moja nzuri kabisa, mojawapo ya Mvua, ambayo kwa mara ya kwanza maishani mwake haikuwa na tone la maji. Mvua alisimama pale dirishani machozi yakimlengalenga.

"Leo ni maziwa matupu," alisema. "Jamani, leo kweli ni maziwa matupu."

Nilipopona, pua yangu ikiwa salama, niligundua jambo ambalo nasema kwa aibu. Nilikuwa nimeanza kunogewa. Mtu anakuja na gari lake, amevaa saa kubwa, anamnyenyekea wifi, na hajui kwamba anayeamua ni mwanamke mwenye brashi na viatu vya mpira huko nyuma. Wakati mwingine nilichelewesha kimya changu makusudi, ili shingo ya wifi ikakamae kidogo. Naye jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba na vikopo vyake vinne, limau, kahawa, karafuu na majani ya mkaratusi, ananusa kimoja kimoja, macho yamefumbwa. Siku moja nilimuuliza anasikia nini.

"Hakuna," akasema. "Nikifungua kifuniko pale kazini ni kama nabisha hodi nyumba ambayo watu wamehama." Halafu akaanza kulia, bila sauti, huku bado ameshika limau. Nilikaa naye. Nilimhurumia, kweli nilimhurumia, na bado kesho yake nikachelewesha kimya.

Sasa kaka yangu. Kaka ni mtu mwema, na uvivu wake ni wa kusomea. Maziwa ya jioni hutakiwa kuwekwa kwenye beseni la maji baridi, maji yabadilishwe mara mbili kabla ya kulala. Jioni ile kaka alikwenda kwa jirani kutazama mpira. Mpira ukaenda dakika za nyongeza, ukaenda penalti, na maziwa yakabaki kando ya jiko yakijipikia mambo yao. Asubuhi alijua. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo na pua ile lazima ajue. Lakini alijua pia jambo ambalo wafugaji wengine hawakulijua, kwamba pua yenyewe imelala, kwa sababu soksi zilikuwa zake. Na la kikohozi nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe, kwa kujisifu.

Akazipanga keni tatu juu ya kaunta. Akamsalimia mkewe. Kisha akanitazama mimi juu ya bega la wifi, akajikuna paji la uso.

Wifi akafungua cha kwanza, akanusa, akanipitishia. Harufu ilinifikia kabla ya kifuniko. Ilikuwa ya uchachu ule unaouma nyuma ya macho. Mkono wa wifi ulikuwa bado uko hewani nyuma yake, unangoja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kaka alinibeba mgongoni kwenda shule muhula mzima nilipovunjika mguu, na mtu wa hivyo humrudishii maziwa mbele ya watu mara ya pili. Hiyo ndiyo sababu nzuri, na ni ya kweli. Ipo na nyingine. Nilitaka Mama Pua akosee. Mara moja tu, nione akikosea anakuwaje. Sikukohoa. Kifuniko cha pili, sikukohoa. Cha tatu nikakitia majini haraka, kana kwamba maji yatanifichia.

"Pita," akasema wifi, mara tatu, na keni zikamiminwa kwenye tangi.

Saa tano lori likaja. Dereva wake ni mtu asiye na haraka na mtu wala jambo. Huchota kikombe kutoka kwenye tangi, hutia spiriti yake mwenyewe, hutikisa. Alitikisa mara moja, maziwa yakakatika mapande. Akachota tena, akatikisa, akatuonyesha.

"Haya siyabebi," akasema, akawasha lori lake akaondoka.

Meneja aligusa kalamu zake zote tatu kwa zamu. Hakukuwa na la kufanya. Bomba la chini likafunguliwa na lita elfu moja zikaenda kwenye mtaro, ukawa mweupe mpaka barabarani, na mbwa wa mtaa mzima wakaja kama walioalikwa. Adhuhuri uani palikuwa pamejaa wafugaji. Wengine walikuwa wakipiga kelele, wengine wamekaa tu chini wakiutazama mtaro.

"Nani alipima?" meneja akauliza, swali la kipuuzi, maana mpimaji alikuwa mmoja.

Wifi akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta. "Mimi. Tangu yale mafua sisikii harufu. Leo ni wiki ya sita. Masikio yangu ni mazima, pua ndiyo mbovu. Niliwaficha, nikaendelea kupima. Kosa ni langu."

Wafugaji wakatazamana, lakini si kwa sababu ya maziwa.

"Yaani," Mvua akauliza polepole, "siku zote hizo ulikuwa unatusikia?"

"Kila neno."

Niliona watu wazima wakitafuta pa kuweka nyuso zao. Yule aliyesema pua ile ingefaa kulimia alipotelea nyuma ya choo. Lakini aibu haikai na hasara, na muda si mrefu wakaanza kumrudia, sasa kwa haki. Kwamba amewaua. Kwamba miaka kumi na tisa huenda alikuwa anakisia tu. Hili la mwisho lilimchoma, nililiona. Angeweza kunitaja. Angeweza kugeuka tu na kunitazama, ingetosha. Hakugeuka. Mimi nilisimama na brashi yangu mkononi, na kaka alikuwa akizichunguza ndala zake kana kwamba zimeandikwa kitu.

Wifi aliondoka siku ile. Na aproni, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu nayo, meneja akanipa mimi.

Wiki tatu nilisema "pita" na "rudi", na kila nikisema nilijisikia mwizi. Wifi hakuniuliza kitu. Nikienda kwao ananikaribisha kiti, ananipa chai, ananiuliza hali ya mgongo wangu. Angenitukana ningelala vizuri. Kaka alikuwa amegeuka mume wa mfano: anabadilisha maji ya beseni mara nne, anazisugua keni mpaka anajiona ndani yake. Mimi naye hatukuzungumzia siku ile hata kidogo, na tukikutana mlangoni tulipishana kama wadaiwa wa mtu mmoja. Wifi peke yake ndiye aliyekuwa na habari njema. Kahawa, alisema, imeanza kunuka tairi linaloungua. Daktari alimwambia hiyo ni dalili pua inahangaika kuamka, ingawa kwa sasa inamletea harufu za uongo. Alifurahi na tairi lake.

Kisha asubuhi moja akaja kituoni yeye mwenyewe, kaka nyuma yake akisukuma mkokoteni. Foleni ilimpisha. Akaiweka keni ya kwanza mbele yangu. Nikafungua, nikageuza kifuniko, nikanusa.

"Pita."

Hakuiachia keni. "Ni mazuri?"

"Mazuri sana, wifi."

"Na siku ile ulisikia nini?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa. Nyuma yake kulikuwa na watu arobaini. Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema nilikuwa na mafua. Nikashika ukingo wa kaunta.

"Yalikuwa yamechacha," nikasema. "Keni zote tatu. Nilisikia na sikukohoa."

"Kukohoa kumeingiaje?" Mvua akauliza kutoka kwenye foleni, na ikabidi nieleze yote, mbele ya kila mtu, kifuniko na kikohozi na keni kumi na moja. Sikusema keni mbovu zilikuwa za nani. Kaka akaachia mkokoteni.

"Zilikuwa zangu," akasema. "Na nilijua."

Wifi alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. Nilingoja matusi. Foleni nayo ilingoja, maana watu ni watu. Lakini aliyesema ni Mvua.

"Sasa jamani tuelewane. Huyu ana pua, lakini ukweli hana. Yule amesema ukweli, japo kachelewa wiki sita, lakini pua hana. Maziwa yangu anapima nani?"

Hakuna aliyecheka. Meneja alikuwa ametoka ofisini, akashika kalamu moja, akairudisha. Swali la Mvua lilikuwa la kweli. Nikaanza kufungua kamba za aproni.

"Iache," wifi akasema.

Akazunguka, akaingia kwa mlango wa wafanyakazi, akavuta stuli iliyokuwa kando ya karo langu la zamani. Hakuiweka nyuma yangu. Aliiweka ubavuni mwa kaunta, akakaa kunielekea.

"Yeye anuse," akamwambia meneja. "Mimi nitamtazama."

"Utamtazama nini, mama?"

"Uso. Miaka kumi na tisa nimeona sura za watu walioleta maziwa mabovu. Harufu ile haifichiki usoni. Siku ile alikuwa mgongoni kwangu."

Mpaka leo ndivyo tunavyofanya kazi. Nafungua kifuniko, nakigeuza, nanusa, nasema pita au rudi. Wifi haiangalii keni wala maziwa wala mwenye maziwa. Ananiangalia mimi.